Alama Iliyokataa Rangi

Siku ya kwanza nilipoliona lile waa ukutani, nilicheka. Nilimwambia Rula, "Fundi gani wewe, nyumba za watu zinang'aa, ya mkeo unaiachia madoa?"

Yeye hakucheka.

Rula ndilo jina alilopewa na mafundi wenzake, kwa sababu anaweza kupaka mstari kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine bila utepe wala kamba, na ukanyooka kama uliopimwa. Mimi ni msusi. Tulikuwa wachumba kwa miaka minne, na si kwamba mapenzi yalipungua. Tulikosa mlango. Kila tulipopata chumba, dalali alitutajia bei. Tulikwenda kuchanga pesa, na tuliporudi bei ilikuwa imeshapanda ngazi, sisi tumebaki chini tunaitazama. Mji ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ukipita leo unakuta nyumba za watu wa kawaida, ukipita keshokutwa unakuta winchi. Kuna mahali tulikataliwa chumba kisicho na dirisha, kwa sababu tu aliyetutangulia kwenye ngazi alikuwa na kodi ya miezi sita mkononi.

Kwa hiyo siku ile Rula aliponifuata saluni, rangi ingali kwenye nyusi, akaniwekea ufunguo kiganjani na kusema, "Vyumba viwili, ghorofa ya pili, kwa kodi ya zamani," sikuuliza neno. Wewe ungeuliza? Mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani.

Aliyeuliza ni shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. "Kodi ya zamani? Mji huu huu? Mwanangu, kitu ghali kina sababu, lakini kitu rahisi kina siri."

Hata hivyo hakuwa na ubavu wa kunizuia. Binamu yangu alikuwa analeta mke, na chumba nilicholala kilikuwa kimeshaahidiwa. "Si kwamba nakufukuza," alikuwa akisema shangazi. Ndugu zangu, mtu akikwambia si kwamba anakufukuza, anza kukunja nguo.

Harusi ilikuwa wiki mbili mbele. Nikawa nikitoka saluni mapema napitia pale kufua mapazia, kupanga vyombo, na kukaa tu katikati ya sakafu nikisikiliza jinsi nyumba yako mwenyewe inavyonyamaza.

Waa lilikuwa chumba cha ndani, kando ya dirisha, usawa wa mtu aliyeketi kitandani. Duara la manjano iliyofifia, pana kidogo kuliko kiganja changu nikitanua vidole. Rula alilipaka, kesho yake likarudi. Akalipaka tena, likarudi. Mara ya tatu lilichukua siku mbili, nikadhani limekata tamaa, kisha asubuhi moja tukalikuta limejaa pale pale, tulivu, kama mtu aliyetoka kidogo na sasa amerejea mahali pake.

"Rangi ya maji haizibi mafuta," alisema. "Nitaleta ya mafuta."

Alilisema hilo akiwa amelipa mgongo lile waa. Rula, ambaye hutazama kuta kama wanaume wengine wanavyotazama wasichana, alikuwa hautazami ukuta ule.

Alipoondoka nilisogea nikainusa ile alama. Yalikuwa mafuta ya nywele, yale mazito ya kopo la bati, ambayo siku hizi wateja wazee tu ndio huyaulizia. Vichwa ndiyo kazi yangu. Nimeshika maelfu. Na hiki kilikuwa kichwa. Mtu alikiegemeza hapo, miaka kwa miaka, mpaka ukuta ukakinywa.

Nywele zilinisimama, na mimi ndiye msusi.

Alasiri hiyo hiyo, saa kumi, mlango ulibishwa. Mapigo matatu mepesi. Nilipofungua, ukumbi ulikuwa mtupu, nikasikia viatu tu vikishuka ngazi polepole. Kesho yake, saa kumi, mapigo matatu, na viatu vikishuka. Sikumwambia mtu. Nilijua nikimwambia shangazi atasema, "Siri yenyewe hiyo," na harusi itaingia mdudu.

Siku ya tatu nilisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Pigo la kwanza tu, nikafungua.

Alikuwa bibi mwembamba, gauni limepigwa pasi, mkoba ameukumbatia kifuani. Tulitazamana. Aliyeshtuka zaidi ni mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Sikujua kuna mtu. Huwa nabisha, halafu naondoka zangu."

"Unabisha nyumba isiyo na mtu?"

"Nimebisha mlango huu miaka mingi, na ufunguo ninao mkononi," alisema, akivitazama vidole vyake kana kwamba ndivyo vilivyomleta. "Mzee wangu hakupenda kushtukizwa. Alikuwa hawezi kugeuka aone ni nani."

Shangazi hakunilea nimwache mtu mzima kizingitini. "Karibu ndani," nikasema, ingawa miguu yangu ilikuwa inatamani ngazi.

Hakuyatazama mapazia yangu wala kitanda kipya. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha ndani, akaniuliza kwa macho kama anaweza kuketi, akaketi. Kisha akaweka kiganja juu ya lile waa, kama unavyompima mtoto homa. Akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba changu mwenyewe, nikijihisi nimeingilia mazungumzo ya watu.

"Kumbe bado," alisema. "Nilifikiri rangi itamfunika."

"Alikuwa nani, bibi?"

"Alikuwa akionyesha sinema, enzi hizo. Alipoanguka akavunjika mgongo, alikaa hapa miaka sita, kichwa ukutani hivi. Mimi nilikuwa mpiga taipu. Narudi kazini saa kumi, nabisha, naingia, namkuta ameshanichagulia sinema ya siku hiyo. Ananisimulia yote. Penye muziki anaimba mwenyewe, na sauti hana." Alitabasamu. "Kila asubuhi nilimpaka mafuta kichwani. Ndiyo hayo. Alifia hapo hapo, amekaa. Mimi nilidhani amenyamaza kutafuta jina la mwigizaji."

Nje lori lilikuwa linamwaga kokoto. Tulilisubiri limalize.

"Sasa kwa nini ulihama?"

"Sikuhama, mwanangu. Nilihamishwa. Kodi ilipanda mara mbili, na pensheni ni kiwete, haipandi ngazi." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Lakini yule kijana aliyekuja kutoa vyombo alikuwa muungwana. Mrefu, ana kovu hapa kidevuni. Alishusha kabati langu ngazi zote bila kuligonga popote. Nikamwambia, mwanangu, una mkono mpole, mkeo atapata raha."

Kovu lile nalijua kwa kidole changu. Nimelipapasa mara ngapi nikimuuliza kama liliuma.

"Na ninyi mwenye nyumba anawatoza ngapi?" akauliza. "Kama si siri."

Nikamwambia. Akairudia ile kodi chini kwa chini, kisha akanipigapiga kwenye goti, kana kwamba mimi ndiye wa kupewa pole.

"Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nalipa mimi."

*

Rula aliingia saa kumi na moja akipiga mluzi, kopo la rangi ya mafuta mkononi. Nilikuwa nimeketi pale alipoketi bibi.

"Ulilibeba kabati," nikasema.

Mluzi ulikatika. Hakuniuliza kabati gani. Hapo ndipo paliponiuma.

"Nani amekwambia?"

"Mwenye kabati. Amekusifia. Anasema una mkono mpole."

Aliweka kopo chini taratibu, akakaa sakafuni, mgongo mlangoni. 

"Mwenye nyumba aliniita. Akasema bibi anatoka mwisho wa mwezi, iwe mvua iwe jua. Anataka mtu wa kutoa vyombo na kumpakia rangi jengo zima, vyumba vyote, bila kumlipa. Badala yake nitapata hapa kwa kodi ya zamani, miaka miwili. Nisingebeba mimi angebeba mwingine, na huyo mwingine angevunja kioo cha kabati."

"Kwa hiyo ulimfanyia hisani."

"Usinifanyie hivyo."

"Alilia?"

"Angelia ningeviacha vyombo ngazini nikakimbia!" Sauti ilimpanda, kisha ikamwishia. "Alinishukuru. Alitafuta kikombe cha mwisho ambacho hakijafungwa, akanipa maji. Nimelipaka lile waa mara tatu kwa rangi ya maji. Unadhani sijui kwamba haizibi mafuta? Hata mwanafunzi wa juzi anajua. Naogopa kuliziba, na naogopa kuliacha. Nikiwa peke yangu humu napaka huku naongea, ili nisisikie kimya cha ukuta huo."

"Na mimi hukuniambia."

"Ungeikataa nyumba."

"Ningeikataa."

"Basi ningekukosa!" Alininyanyulia macho, na yalikuwa mekundu. "Miaka minne nakusindikiza mpaka kona ya kwa shangazi yako. Unaingia, mlango unafungwa, mimi nabaki nje kama paka. Nimechoka kukuaga, msusi wangu. Nimechoka."

Nilitaka kushuka pale sakafuni nikiweke kile kichwa mapajani, nimchambue rangi kwenye nywele kama nilivyozoea. Nilimpenda. Nilimpenda hadi nikamwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Rula, huyu mume wa bibi aliyefia hapa simwogopi. Nimekuogopa wewe, kidogo. Umenitafutia mlango kwa kufunga wa mtu mwingine, halafu ukanipa ufunguo huku unacheka."

"Nilikuwa sicheki."

"Ulicheka. Mimi nilikuwepo."

Nikauweka ufunguo juu ya kopo la rangi nikashuka ngazi. Alikuja hadi ukumbini. Hakuniita. Nilimsikia tu anapumua, nikishuka ghorofa nzima.

*

"Ugomvi wa nyumba au wa moyo?" aliniuliza shangazi.

"Vyote."

"Basi maliza wa nyumba. Wa moyo hujimaliza wenyewe mkishakuwa na pa kulala." Nilipomweleza habari yote, alifikiri akitafuna mdomo. "Pakeni ya mafuta, wekeni kabati mbele yake, maisha yaende. Nani mji huu halali alipotolewa mwenzake? Hata hapa, kabla yetu palikuwa na watu. Sikuwauliza walikokwenda."

"Hujawahi kuwafikiria?"

"Kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto," alisema. "Nyuma ya mlango. Nilikitupa. Sasa nyamaza, usinirudishe huko."

Siku tatu zilizofuata mikono yangu haikuwa yangu. Mteja akiegemeza kichwa nimwoshe, naushika uzito wake na kujiuliza, huyu akiondoka, atabaki ukuta gani? Nilimsuka mama mmoja mistari ikapinda, akanitazama kwenye kioo, akasema, "Mwanangu, nani amekufa?"

Siku ya nne Rula alikuwa amesimama nje ya saluni, mikono nyuma.

"Nimepata anapokaa," alisema. "Siendi peke yangu. Nilijaribu jana, nikarudi njiani."

Tulikwenda mpaka lami ilipoishia, kisha tukatembea. Bibi alikuwa anakaa kwa mpwa wake, kwenye stoo ya duka, godoro limetandikwa kati ya mapipa ya plastiki ya kuuza. Kabati halikupita mlangoni. Lilikuwa nje, limefunikwa turubai na kufungwa kamba, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba kwa maji. Rula alipita akaligusa, kama unavyomgusa mgonjwa asiyekujua.

Bibi alitukaribisha, akatukalisha juu ya mapipa mawili yaliyopinduliwa, akaomba radhi kwamba hana viti. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi vile vile. Sijui alikuwa anaipigia wapi.

"Mpwa wangu anadhani akili imeniruka, kwa ajili ya kwenda kule kila siku," alisema. "Sijachanganyikiwa. Najua amekufa, nilimfumba macho mwenyewe. Lakini huku hanipati. Hajawahi kufika huku, njia haijui. Namwita, nyumba inanyamaza tu. Kule alijua kila ufa."

Rula aliteremka kutoka kwenye pipa akapiga magoti kwenye vumbi.

"Bibi, nisamehe."

"Kwa lipi? Ulibeba vizuri."

"Ndiyo hilo hilo. Nilibeba. Na nyumba nikaichukua mimi."

Bibi alimtazama, kisha akanitazama mimi, akaunganisha. Sikuwa nimemwambia siku ile kwamba kijana mwenye kovu ndiye mchumba wangu. Niliuona uso wake ukizeeka mbele yangu, miaka kumi kwa pumzi moja. Muuzaji alikuwa anapatana bei na mteja upande wa pili wa ukuta.

"Siku ile nilikushukuru," alisema, "kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumchukia mtu mwenye mkono mpole. Ungenitukana ingekuwa rahisi. Ningekuwa na wa kumlaani." Akavuta pumzi. "Kukusamehe nitakusamehe, mwanangu. Lakini leo nakasirika kwanza. Niache nikasirike."

"Kasirika, bibi," alisema Rula. Hakuinuka.

Nikasikia sauti yangu, sijui ilitoka wapi. "Rudi nyumbani. Chumba cha ndani ni chako. Sisi tutakaa cha mbele."

"Maharusi hawakai na kikongwe."

"Na kikongwe hakai na mapipa."

"Mtanichoka."

"Tukikuchoka tutakwambia. Na wewe ukituchoka, utuambie."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimemuuliza Rula. Nikageuka. Pale alipopigia magoti hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshatoka nje, ameinama kwenye kabati, anafungua kamba za turubai kwa meno.

Nilimpenda tena, upya, kwa hasira na kila kitu. Nikajua nitaolewa naye.

*

Mwenye nyumba hakujali nani analala wapi, ila alitaka na ukuta wote wa nje upakwe. Rula alikubali. Kwa hesabu yangu atakuwa juu ya ngazi hadi mvi zimtoke. Shangazi ndiye aliyetukatalia katakata.

"Msichana anaolewa ukewenza na ukuta!" alipiga kelele. "Sitakanyaga huko!"

Lakini damu ni damu. Jumamosi ya harusi alikuja, amejifunga kilemba kikubwa, akakaa chumba cha mbele katikati kabisa ya mkeka, mbali na kuta zote nne, na alipojisahau akaegemea nyuma, aliruka kama aliyekalia sindano. Bibi alimletea mto. Wakaanza kusemezana, wakakuta wote wawili walisomea ushonaji kwa mwalimu mmoja mkali, na hadi wageni wanaaga, shangazi alikuwa amevua viatu.

Walipoondoka wote jua lilikuwa bado linapiga dirishani. Kitanda chetu kilikijaza chumba cha mbele kiasi kwamba mlango ulifunguka nusu tu, ukitaka kutoka unajipitisha ubavu. Tulikaa juu yake na nguo zetu za harusi, tukitazamana kama watu waliosahau walichotaka kusema. Rula alikuwa amesugua mikono mpaka ngozi ikawa nyekundu, lakini rangi ilibaki kwenye kucha. Nilikishika kidevu chake, pale kwenye kovu.

"Hakuna kukuaga leo," alisema.

"Hakuna."

Ndipo tulipomsikia bibi. Pazia lilikuwa limeshushwa kati ya vyumba, na nyuma yake sauti yake ilikuwa ya chini, ya mazoea. Ilisema kidogo ikasimama. Ikasema tena, ikasimama zaidi. Sijawahi kumsikia mtu anayezungumza peke yake akisubiri kiasi kile.

Vinyweleo vya mkono wa Rula viliinuka chini ya kiganja changu. "Anamwambia nini?"

Nilitega sikio. "Anamwambia wana wageni."

"Wageni gani?"

"Sisi."

Kimya cha nyuma ya pazia kilirefuka. Kilikuwa kirefu kama jibu. Kisha yule bibi akacheka, cheko dogo la mke anayenong'onezwa jambo ambalo wageni hawapaswi kulisikia.

Mume wangu alinitazama. Sikumwachia mkono. Tulilala chali, bega kwa bega, tukajibana kwenye nusu yetu ya nyumba, na tukashusha sauti ili tusiwasumbue wenyeji wetu.